Ilani ya Kalemie: Maneno Yasiyotembea Peke Yake

Sisi tunaotoa ilani hii ni watu wa kazi za mikono na watu wa karatasi hapa Kalemie, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika: mafundi wa motere za mitumbwi, makarani wa bandari, wauguzi, wauza paneli za jua, walimu wa shule za ufundi, na mama wauza petroli kwa chupa kando ya barabara. Wengi wetu hatukuwahi kukaa meza moja. Kilichotukalisha ni maandishi madogo ya kazi: yale yanayobandikwa ubavuni mwa bidoni, yanayokunjwa ndani ya kisanduku cha dawa, yanayokuja na pampu, na jenereta, na betri.

Mizigo ya Kongo imepita Dar es Salaam na Kigoma tangu zama za babu zetu. Kwa mkataba wa 1921 Uingereza iliwapa Wabelgiji sehemu yao katika bandari zote mbili, na upande huu reli ya Kabalo ikawa inaupokea mzigo kuupeleka bara. Zamani karatasi za mizigo hiyo zilikuwa za Kifaransa au Kiingereza, na msomaji alikuwa karani mmoja mwenye miwani. Siku hizi nyingi zinakuja kwa Kiswahili, na kwa kuwa nchi yetu imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, zitakuja nyingi zaidi. Tulikuwa tumeliomba jambo hilo kwa muda mrefu. Limekuja, na limetuonyesha kitu ambacho hatukukitazamia: neno gumu halimuumizi mtu. Ukikutana na neno gumu unasimama, unakuna kichwa, unamwita jirani. Linaloumiza ni neno jepesi, lile ambalo mtu wa Kigoma na mtu wa Kalemie wote wamelijua tangu utoto, kila mmoja kwa maana yake, wala hakuna anayeshtuka.

Tuchukue bidoni moja. Ni ile ya njano ya lita 20, zamani ilikuwa ya mafuta ya kupikia. Mdomo umezibwa kwa kipande cha nailoni na kifuniko kikakazwa juu yake. Imeshushwa ufukweni kutoka kwenye boti ya Kigoma, na ubavuni mtu ameandika kwa wino mzito: PETROLI. Aliyeandika ni Mtanzania, na kaandika sawasawa. Kwao petroli ni ile inayotiwa kwenye pikipiki. Ya kuwashia taa huiita mafuta ya taa. Ya malori ni dizeli. Anayeipokea ni mtu wa hapa, naye anasoma sawasawa. Sisi tuliyapata maneno haya kwa mkono wa Kifaransa, kwa hiyo kwetu petroli ndiyo ya taa na ya jiko la utambi; ya pikipiki ni esansi; ya malori ni mazutu. Herufi ni zilezile, matamshi ni yaleyale, na ndani ya bidoni kuna kitu kingine kabisa.

Tofauti yake si ya bei tu. Mafuta ya taa lazima yapate joto la digrii 38 au zaidi ndipo mvuke wake ukubali kushika moto. Ndiyo maana taa ya utambi inaweza kukaa mezani mtoto akisoma kando yake. Esansi haingoji joto lolote. Mvuke wake unashika moto hata katika baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, baridi ambayo Kalemie haijaiona wala haitaiona. Ukiitia kwenye taa, kitangi kile kidogo kinajaa mvuke, na mwenye nyumba ndiye anayekisogezea kiberiti. Upande wa pili, mvuvi akitia petroli ya taa kwenye motere yake haitalipuka. Itakohoa, itafuka moshi, itagoma, na huyo bwana yuko mbali na nchi kavu, giza limeingia, upepo wa kiangazi unasukuma maji.

Mtasema: si muuzaji anainusa tu? Ni kweli, na tunaiheshimu pua ya mama muuzaji, maana kwa sasa ndiyo maabara pekee tuliyo nayo ufukweni. Lakini bidoni hupita mikono mitatu au minne kabla ya kumfikia. Mwingine amechanganya ili apate faida, mwingine ametumia bidoni iliyokuwa na kitu kingine jana, na mnunuzi wa mwisho ni mtoto aliyetumwa na chupa. Mtoto hanusi, mtoto anataja neno alilotumwa.

Sasa mfungulie fundi karatasi ya motere ya mizunguko miwili, ile inayohitaji kuchanganyiwa. Imeandikwa: changanya mafuta na petroli, 1 kwa 50. Hapo maneno mawili yamepotea kwa pamoja. Mafuta, kwa mtu wa Kalemie, kwanza ni mawese. Kwa mtu wa Tanzania anayesema anakwenda kujaza mafuta, mafuta ni hiyo petroli yenyewe. Na mwandishi alimaanisha oili ya motere. Hesabu yake ilikuwa nzuri kabisa, mililita 400 za oili kwa bidoni ya lita 20, lakini hakuna jina hata moja katika mstari huo linaloweza kusimama pande zote mbili za ziwa.

Hili ndilo tunalolisema, na mengine yote katika ilani hii yanatoka humo: yapo maneno ambayo katika maelekezo ya kazi hayaruhusiwi kutembea peke yake. Petroli ni mojawapo. Lazima liende na mwenzake anayelishika mkono: petroli ya taa, petroli ya pikipiki. Hatulifukuzi neno lolote. Mama aendelee kuuza petroli yake na Mtanzania aendelee kuita ya kwake petroli. Tunachokataa ni karatasi kuliandika tupu na kumwachia msomaji abahatishe.

Neno la pili ni funga, na ndugu yake fungua. Hapa hata maji na umeme havikubaliani. Ukifunga robine, maji yanasimama. Lakini fundi wa umeme aliyesoma, kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, amefundishwa kwamba saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha umeme, na iliyofunguliwa ndiyo iliyokatika. Mwenye nyumba anajua kinyume chake: kwake kufungua ni kuwasha, iwe taa au redio. Basi soma sentensi hii: funga swichi ya namba 3 kabla ya kugusa waya. Mmoja amekata umeme. Mwingine ameuleta.

Na bado hatujamaliza. Katika Kiswahili cha mafundi wa Tanzania, kufunga mashine ni kuiweka mahali pake na kuikaza ianze kazi; kufungua injini ni kuibomoa ukaisafisha vipande vipande. Karatasi inayosema ukishafunga pampu, fungua maji inamwambia mmoja wetu asimike pampu, na mwingine aizime. Fungua jenereta: niiwashe, au nilete spana? Umeme wetu unatoka Bendera, kwenye mto Kyimbi, na ukikatika huko ndipo jenereta zinapoitwa kazini kwenye zahanati, kwenye maduka, kwenye mashine za kusaga. Wakati huo ni usiku, mtu anashika karatasi kwa mkono mmoja na simu yenye tochi kwa mwingine. Hana nafasi ya kufanya utafiti wa lugha.

Kwa funga na fungua tunapendekeza njia isiyo ya kamusi. Karatasi iseme kitu kitakachoonekana baada ya tendo. Sukuma mkono wa swichi chini. Taa nyekundu itazimika. Sasa umeme haupo. Zungusha robine mpaka maji yasimame. Weka pampu kwenye msingi wake na ukaze boliti nne. Kila msomaji, wa Ujiji ng'ambo au wa Moba upande huu, ataitazama taa nyekundu na kujua kama amefanya walichotaka. Ni maneno mengi zaidi, ndiyo. Wachapishaji watalalamika kwamba karatasi imerefuka. Mazungumzo na mchapishaji tunayaweza. Na waya hakuna mazungumzo.

Saa. Kigoma iko saa moja mbele ya Kalemie, hilo kila baharia analijua. Lakini juu ya hiyo saa moja kuna hesabu nyingine. Mswahili anahesabu tangu kuchomoza kwa jua, na saa 4 ya asubuhi kwake ndiyo ambayo tangazo la Kifaransa huiandika 10h00. Tangazo la boti likisema tu inaondoka saa 4, bila kusema asubuhi wala usiku, bila kusema saa za nani wala kwa hesabu ipi, limetaja nyakati nane tofauti. Tulizihesabu kwa vidole. Kwa abiria ni usumbufu. Atalala bandarini juu ya mzigo wake. Kwa mgonjwa ni jambo jingine.

Chukua bahasha ya vidonge iliyoandikwa: kidonge 1 kila saa 8. Mwandishi alitaka vidonge vitatu kwa siku, kila kimoja kikifuata kingine baada ya saa nane. Msomaji mwenye akili zake timamu anaweza kusoma kwamba kila siku, ifikapo saa nane, ameze kimoja. Na kama ni mtu makini zaidi, atameza saa nane za mchana na saa nane za usiku, viwili. Kisha ugonjwa haukupona, anarudi, anaambiwa dawa ya kwanza imeshindwa, anapewa nyingine ya bei zaidi. Wauguzi walio kati yetu wameamua kwamba hawataandika tena sentensi hiyo. Wataandika: asubuhi 1, mchana 1, usiku 1, na pembeni 6:00, 14:00, 22:00. Mwenye simu ataitazama, asiye na simu atafuata jua.

Kijiko. Sisi ni mji wa kipindupindu. Ugonjwa huo unaijua njia ya Kalemie na hurudi tena na tena, hasa maji ya bomba yanapokatika na watu wakashuka ziwani. Maji ya chumvi na sukari ya kutengeneza nyumbani yana kanuni inayojulikana dunia nzima: lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya sukari, nusu kijiko cha chumvi. Lakini kijiko kipi? Kanuni inakusudia kile kidogo cha chai, ambacho kwa mkono wa Kifaransa tunakiita cha kahawa, cha mililita 5, tena kikiwa kimesawazishwa kwa kisu na si kimejaa kilima. Kijiko cha kulia wali au supu kinabeba mililita 15. Mama akitumia hicho, chumvi inakuwa mara tatu, na mtoto ambaye mwili wake umekauka anatiwa chumvi nyingi kuliko anayoweza kuitoa. Halafu lita yenyewe: nyumba nyingi zinapima kwa chupa kubwa ya bia, na chupa hiyo haifiki hata robo tatu ya lita. Makosa mawili yanasukumana upande mmoja.

Kwa hiyo hatutaki bango la afya linalosema kijiko. Tunataka bango lenye picha ya kijiko chenyewe kwa ukubwa wake halisi, ili mama aweke chake juu ya karatasi alinganishe. Kuchora hakugharimu kitu.

Mengine tunayapitia haraka, si kwa sababu ni madogo, ila kwa sababu mtindo wake umeshaeleweka. Buji kwetu ni mshumaa na pia ni kile kinachorusha cheche kwenye motere. Mtanzania anatofautisha mshumaa na plagi, lakini plagi yake nayo ni ya motere na ni ya ukutani. Vitesi ni mwendo na ni gia: ukimwambia dereva wa lori kwenye mteremko apunguze vitesi, umempa amri mbili na yeye atachagua moja. Dawa ni ya mgonjwa, ya panya, ya mahindi, na ya kusafishia maji ya kunywa, na zote nne zinaweza kukaa rafu moja ya duka moja. Pia kuna matangi yanayopita barabarani yakiwa yameandikwa kwa Kifaransa inflammable. Maana yake ni kwamba kilichomo kinawaka. Kijana aliyesomea Kiingereza Kigoma amezoea kuona herufi mbili za mwanzo wa neno hilo zikikanusha, na anaweza kudhani kilichomo hakiwaki. Amerika kwenyewe neno hilo liliwasumbua watu wa zimamoto mpaka wakalikata kichwa.

Na tarakimu. Katika maandishi ya Kifaransa 1,500 ni moja na nusu. Katika maandishi ya Dar es Salaam ni elfu moja na mia tano. Karani wa bandari anayepokea orodha ya mzigo yenye tani 1,500 hawezi kujua kama aite kijana mmoja na mkokoteni au behewa zima. Bilioni ya Tanzania ndiyo sisi tunayoiita miliari. Bilioni ya Kifaransa ni mara elfu ya hiyo. Msimamo wetu hapa ni mfupi: maelfu yaandikwe bila alama yoyote, 1500, na penye sehemu ya kumi iandikwe kwa maneno, moja na nusu. Ukiondoa mifano hiyo ya 1,500, tarakimu zote za ilani hii zimefuata kanuni hiyo.

Kuhusu nguvu, wauza paneli za jua wametuomba tuseme neno kali, na tunalisema. Mteja anauliza: betri hii ina nguvu gani? Muuzaji anamjibu kwa volti, au kwa wati, au kwa ampea-saa, kwa kutegemea namba ipi ni kubwa zaidi. Zote ni nguvu, kwa lugha ya sokoni. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1200 kwenye karatasi. Ingewasha taa ya wati 10 kwa saa 120. Fundi mkweli atakwambia uigawe hesabu hiyo kwa mbili ikiwa ni betri ya asidi, kwa sababu ukiikausha mpaka mwisho kila usiku itakufa mapema. Anayetaka kununua hahitaji kujua fizikia. Anahitaji muuzaji amjibu kwa taa ngapi, kwa usiku ngapi. Mtu anayejificha nyuma ya neno nguvu anajua anachofanya, na tunatarajia wauzaji walio pamoja nasi wawe wa kwanza kuacha.

Kuna watakaosema tunakuza jambo dogo. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye uwanja wa ndege wa Tenerife katika Visiwa vya Kanari, ukungu ulikuwa mzito na ndege mbili za Boeing 747 zilikuwa kwenye njia moja. Rubani msaidizi wa ndege ya shirika la KLM alisema redioni maneno yaliyokusudiwa kueleza kwamba ndege yao sasa inaruka. Mwongozaji mnarani akaelewa kwamba iko mahali pa kurukia, inangoja ruhusa. Watu 583 walikufa. Sababu zilikuwa nyingi, haraka na redio zilizoingiliana zikiwemo, lakini baada ya siku hiyo neno la kuruka liliwekewa uzio: halitamkwi redioni ila pale ruhusa yenyewe ya kuruka inapotolewa au kufutwa, kwingine kote watu wa anga husema kuondoka. Mwaka 1986 watengenezaji wa ndege wa Ulaya wakatoa mwongozo wa Kiingereza kilichorahisishwa kwa ajili ya vitabu vya matengenezo, na kanuni yake kuu ni kwamba kila neno lililokubaliwa libebe maana moja. Hakuna rubani aliyeambiwa aache lugha ya mama yake. Aliambiwa tu kwamba maneno fulani, mahali fulani, yana kazi moja.

Sisi hatuna ndege. Tuna mitumbwi, taa, na bahasha za dawa, na hatuoni kwa nini watu wa vitu hivyo wastahili uangalifu mdogo zaidi.

Wapo ndugu wanaotuambia: andikeni Kifaransa, ndiyo lugha rasmi, mambo yatakwisha. Katiba ya 2006 inakiita Kifaransa lugha rasmi, ndiyo, lakini kifungu hichohicho cha kwanza kinakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa ambazo serikali inatakiwa kuzikuza. Zaidi ya hapo, ni nani alituletea buji yenye maana mbili? Nani alituletea vitesi? Kifaransa kina matope yake, nasi tumeyakanyaga. Na mvuvi aliye ufukweni saa hizi, akiuliza bei ya bidoni, hataulizia kwa Kifaransa.

Wengine wanatuambia tufuate Kiswahili sanifu, basi. Tunakipenda, na ilani hii tumeiandika kwa hicho. Lakini ukweli wa historia usemwe. Kamati ya lugha iliyosanifisha Kiswahili iliundwa 1930 kwa ajili ya Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibar. Kongo haikuwa na kiti. Upande huu, vijitabu vingi vya Kiswahili vya zama za Wabelgiji viliandikwa ili bwana ajue kumwamuru mfanyakazi: leta, beba, ngoja, haraka. Hakuna aliyetuandikia jinsi ya kusoma mashine. Maneno ya mashine tulijiokotea wenyewe kwenye gereji, kwenye reli, kwenye viwanda, na tukayatia sauti zetu. Leo mtu akituambia petroli ya taa ni kosa kwa sababu kamusi ya Dar es Salaam inasema vingine, atakuwa amesema kweli kuhusu kamusi na hatakuwa amemsaidia yule mtoto mwenye chupa. Kiswahili sanifu kitushike mkono, nasi tukishike. Jina la kwao na jina la kwetu yaandikwe yote mawili, kwenye lebo ileile, kwa herufi za ukubwa uleule.

Lipo jambo moja linalotuhusu Waswahili wote, na hapa hatumlaumu mgeni. Ni adabu. Tumelelewa kutomwamuru mtu tusiyemjua. Tunaandika: tafadhali haifai kugusa hapa. Tunaandika: unaweza kukaza skrubu. Tunaandika: ingekuwa vizuri kuzima kwanza. Msomaji, naye aliyelelewa vizuri, anaona ameshauriwa na kwamba uamuzi ni wake. Wahandisi wa intaneti walilimaliza tatizo hilo katika waraka wao namba 2119 wa Machi 1997: walitenga maneno ya lazima, maneno ya kupendekeza, na maneno ya hiari, wakaeleza kila moja linabeba uzito gani, na tangu hapo wanayatumia hivyo. Kwetu inatosha kukubaliana kwamba lazima ni lazima, inafaa ni ushauri, na unaweza ni hiari. Penye kifo, adabu isimame mlangoni: Hatari. Umeme unaua. Usiguse. Hata mzee wa ukoo hatachukia kuambiwa hivyo na nguzo ya umeme.

Nini tutafanya? Tunaanza na bidoni, kwa sababu ndizo nyingi na ndizo zinazowaka. Lebo ya kwanza itasema: ESANSI, ndiyo petroli ya pikipiki na ya motere. Usitie kwenye taa wala jiko. Ya pili: PETROLI YA TAA, ndiyo mafuta ya taa. Usitie kwenye motere. Juu ya kila moja kuna picha, pikipiki kwa ya kwanza na taa ya utambi kwa ya pili, kwa ajili ya asiyesoma na kwa ajili ya anayesoma gizani. Zimeandikwa hivyo baada ya mabishano marefu. Wapo waliotaka neno dizeli na neno mazutu yaingie hapohapo, tukasema hapana, mazutu itapata lebo yake.

Kila karatasi itakayotoka mikononi mwetu itapimwa kwa namna moja. Tutampa mtu aliyekulia hapa na mtu aliyekulia ng'ambo, kila mmoja peke yake, pamoja na kitu chenyewe: pampu, swichi, kijiko, bahasha. Mwandishi atakaa pembeni na mdomo wake ameufunga. Na hapa funga ina maana moja. Wakitenda tofauti, karatasi ndiyo iliyokosea, inarudi. Hatutakubali jibu la nimeelewa, maana kila mtu hujibu hivyo mbele ya wenye kalamu. Tunataka mikono.

Tunawaomba wafanyabiashara wanaoleta mashine kupitia Kigoma watuachie nakala ya maelekezo kabla mzigo haujasambazwa. Tunawaomba walimu wa ufundi wafundishe neno la Kalemie na neno la Kigoma bega kwa bega, na mtihani uulize yote mawili. Kwa wakubwa wa mkoa hatuombi fedha leo. Tunaomba ukuta bandarini, mahali abiria wanaposhukia, pa kubandika orodha ya maneno yasiyotembea peke yake. Orodha hiyo kwa sasa ina petroli, mafuta, funga, fungua, saa, kijiko, buji, plagi, vitesi, dawa, nguvu na bilioni. Haitakaa hivyo.

Jina hatujajipa. Kulikuwa na mapendekezo, yote yalikuwa marefu kuliko kazi tuliyoifanya, tukayaacha. Kujiunga hakuna ada. Njoo na karatasi moja ya kazi iliyokuchanganya, na ukiweza uje na mtu anayeisoma tofauti na wewe, papa wa Ujiji au mama wa Nyunzu, yeyote. Lebo mbili za bidoni zinakiliwe bila ruhusa yetu. Wa bandari nyingine za ziwa, Moba, Uvira, Bujumbura na Mpulungu, wakiona kwamba kwao neno mojawapo la lebo lina maana nyingine, walikate kwa kalamu nyekundu, waandike lao pembeni, na kuirudisha lebo kwa boti itakayofuata.